Silikoni Iwe ya Mwisho: Maneno kwa Mafundi wa Moshi na Arusha Kuhusu Mifuniko ya Boti Inayovuja

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu wa hapa Moshi, na ninyi mliodamka alfajiri kutoka Arusha, wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Niliposimamishwa hapa niliona watu wawili watatu wakiangaliana. Fundi wa boti anatafuta nini Moshi, na bahari iko Tanga huko? Jibu lake liko uani, juu ya trela. Ni boti ya faiba, ya zamani kweli, imepanda na lori kutoka pwani, na mwenyewe anataka kuishusha Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mzee mwenye boti yuko hapa mstari wa mbele, karibu sana mzee. Ina mifuniko minne juu ya sitaha: wa mbele wenye kioo cha plastiki, miwili ya masanduku ya pembeni, na mkubwa wa injini kule nyuma. Yote minne inavuja. Na yote minne imepakwa silikoni, tabaka juu ya tabaka, nyeupe juu ya ile ya bluu, ya bluu juu ya nyeusi. Ukiikata kwa kisu unaweza kuhesabu mafundi waliopita.

Nyie wa Arusha msijifanye haliwahusu. Kila siku mnakata mapaa ya Land Cruiser mnaweka mifuniko ya kufunguka ili mtalii asimame apige picha. Masika yanaingia, gari linarudi Unga Limited, dereva analalamika viti vimelowa. Kazi ni ileile: umetoboa tundu kwenye kitu kilichokuwa kizima, ukaweka fremu, ukaweka mfuniko, ukaweka raba katikati. Ninachosema leo kuhusu boti, nusu yake mtaondoka nacho kwenye magari.

Ombi langu ni moja. Usishike bunduki ya silikoni kabla hujajua maji yanaingilia wapi. Na maji, ndugu zangu, hayatoki pale yalipoingilia. Hili mnalijua kwa bati la nyumbani: tone linaangukia sebuleni, msumari uliolegea uko upande wa jikoni, maji yametembea juu ya mbao ya kenchi mpaka yakachoka. Kwenye boti safari hiyo ni ndefu zaidi, kwa sababu sitaha nyingi za faiba zina matabaka mawili, juu faiba, chini faiba, na katikati mbao nyepesi ya balsa, au plaiwudi, au povu gumu. Maji yakiingia kwenye tundu la skrubu moja mbele, yanaweza kulowesha hiyo mbao ya katikati na kutokea mita nzima kule nyuma, kwenye skrubu ya kitu kingine kabisa kisicho na kosa lolote.

Halafu boti hii iko juu ya trela. Ikiwa majini, pua inakaa kwa namna yake na maji ya sitahani yanakimbilia matundu ya kutolea ambayo aliyeiunda aliyapangia hivyo. Juu ya trela, ukiinamisha pua chini kidogo tu, maji yote yanarudi mbele, yanakusanyika kwenye kona ambayo haikutengenezwa ikae na maji. Boti ambayo haikuvuja baharini miaka yote inaanza kuvuja uani kwako Majengo. Kwa hiyo kabla ya yote inua pua, nyuma iwe chini, na ile plagi ya nyuma ya kutolea maji ifunguliwe. Mzee, hiyo ni bure, unaweza kuifanya leo.

Na kuna tone ambalo si kuvuja. Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu usiku una baridi, na asubuhi fremu ya alumini inakuwa ya baridi huku ndani ya boti kuna unyevu. Inatoka jasho. Linadondoka kwenye godoro, mwenye boti anapiga simu, fundi anakuja na silikoni. Ukikuta maji asubuhi na mvua haijanyesha wiki nzima, fungua madirisha hewa ipite kwanza, uone.

Sasa tunatafutaje? Mnahitaji watu wawili, mpira wa kumwagilia bustani, tochi, karatasi ya chooni, na ile karatasi ya gundi mnayobandika mkipiga rangi. Mmoja anaingia ndani na tochi, anakausha kila kitu, anapanga vipande vya karatasi ya chooni kuzunguka fremu. Karatasi ile inabadilika rangi kwa tone ambalo jicho haliwezi kuliona. Wa nje anaziba kila kiungo kwa karatasi ya gundi, kisha anafungua kimoja tu, kile cha chini kuliko vyote, yaani pale fremu inapokutana na sitaha. Anaacha maji yapite taratibu, yatiririke. Dakika tano, kumi. Pakinyamaza, anapanda juu: kiungo cha raba. Kisha kiungo cha kioo na fremu ya mfuniko. Kisha mikono ya kufungia, ambayo watu huisahau kabisa, na kila mkono umepita kwenye tundu na una kijipete cha raba ambacho kikikauka kinapitisha maji.

Mnaanza chini kwa sababu ukianza juu umelowesha vyote, na hutajua kipi ni kipi. Na tafadhali, mashine ya kuoshea magari iacheni palepale ilipo. Ile inasukuma maji kwa nguvu ambayo hata raba mpya itayapitisha. Utaitupa raba nzima iliyokuwa haina kosa, na tatizo lenyewe utakuwa umeliacha.

Kwa raba yenyewe kuna kipimo cha chaki. Chukua chaki ya ubaoni, paka ukingo wa fremu kote, ule unaobana raba. Funga mfuniko, fungua. Raba sasa ina mstari mweupe. Pale mstari umekatika, hapo haikubani. Nimemwonyesha kijana mmoja hapo uani asubuhi hii kwenye mfuniko wa mbele, na mstari ulikuwa mzuri pande tatu, upande wa bawaba ukawa hauna kitu kwa urefu wa kiganja. Raba haikuwa mbovu. Bawaba ilikuwa imeinuliwa na silikoni ya fundi aliyepita, mfuniko unakaa umekunja shingo. Wa magari ya utalii mna bahati, nyie chaki mnaletewa na barabara: vumbi la kule Ndutu linaingia popote maji yatakapoingia, na linaacha alama. Kabla hamjaosha gari lililotoka mbugani, ingieni ndani mkaangalie michirizi ya vumbi kwenye fremu. Ukiosha kwanza umefuta ushahidi.

Nataka niwape mfano mkubwa kidogo, mniwie radhi wale mnaosubiri chai. Mwezi Septemba 1980 meli ya Uingereza iitwayo Derbyshire, yenye urefu unaokaribia mita 300, ilizama kwenye tufani karibu na Okinawa, Japani, imebeba zaidi ya tani 150,000 za madini ya chuma kutoka Kanada. Watu 44 walikufa, hakuna hata mmoja aliyepona, na haikutuma hata ishara ya kuomba msaada. Mabaki yalipatikana baharini mwaka 1994. Mwaka 1998 wataalamu waliotazama picha wakaona mfuniko wa stoo ya mbele uko wazi, wakaandika kwamba mabaharia hawakuufunga sawasawa. Fikirini mjane anasoma hivyo. Familia hazikukubali, uchunguzi ukafunguliwa upya, na mwaka 2000 ikaamuliwa kwamba mabaharia hawakuwa na kosa: mawimbi yalikuwa yameharibu mabomba ya hewa kwenye pua, maji yakaingia humo taratibu, pua ikazidi kuinama, mawimbi yakapata nafasi ya kupiga mifuniko mikubwa ya mizigo mpaka ikabonyea. Ule mfuniko mdogo uliokuwa wazi ulionekana kwanza ndiyo maana ukalaumiwa kwanza. Wataalamu wenye kamera za chini ya bahari walidanganywa na kitu kinachoonekana, sembuse mimi na wewe na tochi ya simu.

Haya, tumepata penye kosa. Tuseme ni pale pagumu zaidi, fremu na sitaha. Nitakaa hapa kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Fremu lazima itoke. Najua mteja hapendi kusikia hivyo, na wewe hupendi kumwambia. Lakini kupaka kwa nje kunaziba mlango wa kutokea na kuacha maji ndani ya mbao, yakae humo yaozeshe. Toa skrubu zote. Fremu itakataa kutoka kwa sababu ya gundi ya zamani, na hapo ndipo mtu anachukua tindo na nyundo na kupindisha alumini ambayo haitarudi kunyooka maisha. Chukua mshipi wa kuvulia, ule mnene, au waya mwembamba wa chuma. Upitishe chini ya kona, funga vijiti viwili pande zote mbili, kata gundi kama mnavyokata sabuni ya mche, vuta huku vuta kule. Inachukua muda. Fremu inatoka nzima.

Sasa gonga sitaha kuzunguka tundu kwa mpini wa bisibisi. Penye uzima panalia kavu, penye uozo panalia butu. Ukitilia shaka, toboa kijitundu kwa chini, uangalie unga unaotoka kwenye keekee: mweupe na mkavu, hewala, mweusi na unashikana vidoleni, una kazi nyingine kabisa na ni lazima umwite mwenye boti uzungumze naye bei upya kabla hujaendelea. Hapa niongeze jambo linalowashangaza watu. Mbao ya boti ya bwawani inaoza upesi kuliko ya baharini. Chumvi inawazuia kuvu. Maji ya mvua na ya mto yanawalisha. Ndiyo maana wazee wa pwani huosha sitaha ya mbao kwa maji ya bahari, si ya bomba. Boti hii ilivumilia kuvuja Tanga. Nyumba ya Mungu, maji ya Kikuletwa na Ruvu, haitavumilia.

Kama mbao ni nzima, bado usirudishe skrubu kwenye matundu yaleyale. Tuseme skrubu yako ni ya milimita 6. Panua tundu liwe kama 12, kwangua mbao ya ndani irudi nyuma kidogo, kausha vizuri, jaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, iliyokorogwa nzito. Ikigeuka jiwe, toboa tena milimita 6 katikati yake. Sasa skrubu inapita ndani ya epoksi, haigusi mbao. Hata gundi ikija kushindwa miaka ijayo, maji yatadondoka ndani na utayaona. Hayataingia kwenye mbao kimyakimya. Kwenye mdomo wa kila tundu pitisha keekee kubwa kidogo upate kijibakuli. Gundi itakaa humo na kulizunguka shingo la skrubu.

Gundi ipi? Kwa fremu ya alumini juu ya faiba, tumia gundi ya poliuretani ya boti, au utepe wa butili ule mweusi au wa kijivu unaovutika, ambao mimi binafsi naupenda kwa sababu fremu inaweza kutolewa tena siku nyingine bila vita. Silikoni hapana. Inaacha mafuta ambayo hayaonekani, na juu yake hakuna gundi itakayoshika, hata silikoni mpya yenyewe haishiki vizuri. Mafundi rangi mko hapa, mnajua: gari lililoguswa na silikoni, rangi inakataa, inafunguka vitundu vitundu. Na ile silikoni ya bei nafuu inayonuka siki inakula alumini, usiisogeze kabisa.

Paka gundi kwenye fremu kote, na ndani ya kila kijibakuli. Weka fremu, kaza skrubu kwa mkono mpaka gundi ianze kuchungulia pande zote, basi, simama hapo. Usikaze mpaka mwisho. Ukikaza mpaka mwisho gundi yote inatoka nje na chuma kinakaa juu ya faiba vikavu, umejenga njia ya maji. Subiri ikauke, kisha ongeza robo ya mzunguko kwa kukaza nati kwa chini, huku bisibisi imeshika skrubu juu isizunguke, maana ikizunguka inavunja muhuri shingoni. Kuna mafundi wazuri wanaokaza mara moja tu wakaacha, nao kazi zao zinadumu. Wote tunakubaliana kwamba gundi ibaki chini ya fremu. Na kwa kuwa skrubu ni ya chuma kisichoshika kutu na fremu ni alumini, tia grisi nzito ya kuzuia kutu katikati yake. Bila hiyo metali mbili zinatafunana penye maji, na ule unga mweupe mnaouona kwenye vichwa vya skrubu ndio alumini inavyoondoka.

Kioo cha mfuniko wa mbele, kwa haraka. Ni akriliki. Usikioshe kwa tina, asetoni wala petroli, kitapasuka nyufa nyembamba ndani kwa ndani. Sabuni na maji vinatosha. Na kinatanuka kuliko mnavyodhani. Akriliki ya nusu mita, ikitoka baridi ya alfajiri hadi jua la saa saba, tuseme tofauti ya nyuzi 40, inaongezeka karibu milimita moja na nusu. Alumini iliyoishika inaongezeka chini ya nusu milimita. Ile milimita ya katikati lazima ibebwe na gundi, kila siku, kwenda na kurudi. Gundi nyembamba kama karatasi itachanika ndani ya mwezi mmoja. Weka vijipande vya raba chini ya kioo ili gundi ibaki na unene wa milimita mbili tatu. Hapa, na hapa peke yake, ndipo silikoni nzuri ya kioo, ile isiyonuka siki, ina haki yake, kwa sababu inavutika na haili plastiki. Mnaona sijaichukia kabisa.

Mfuniko wa injini sasa, na hapa naomba simu ziwekwe mfukoni. Mzee ameniambia anataka ufungwe usipitishe hata hewa. Hapana, mzee wangu, samahani. Injini hii ya ndani ni ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini kwenye tumbo la boti, unasubiri cheche. Chumba hicho lazima kiwe na njia ya hewa kuingia na kutoka, na ile feni ya kufyonza mvuke iwashwe kabla ya kuwasha injini. Ukiangalia vizuri utaona aliyeiunda hakutaka mfuniko huu uzuie maji kwa raba. Kuna mfereji unaozunguka tundu zima, na kwenye kona kuna vijitundu vyenye mipira inayopeleka maji nje. Yaingie mferejini, yatoke. Tatizo la mfuniko huu ni kwamba vijitundu viwili vimejaa majani na tope, na kimoja kimezibwa kwa silikoni. Waya wa baiskeli, maji ya mpira, nusu saa imekwisha. Na mzee, ile pampu ya kutolea maji uliyosema inafanya kazi vizuri sana, inajiwasha yenyewe usiku na mchana: ndiyo iliyokuficha tatizo hili. Izime siku moja ya mvua uone kiasi gani kinaingia.

Nimeletewa vikaratasi vya maswali. Vingi ni vya bei, hivyo tutaongea wakati wa chai. Kimoja nakijibu hapa kwa kuwa ni cha wengi: dada mmoja wa karakana ya Sakina anauliza kama raba ya mlango wa gari inaweza kuwekwa kwenye mfuniko wa boti, maana ya boti haipatikani.

Inaweza, dada. Nyingi ni raba laini yenye vitundu vya hewa ndani, na jua inalivumilia vizuri. Angalia mambo haya. Kwanza unene wake: mfuniko ukifungwa, raba ibonyee kati ya robo na theluthi ya unene wake. Ikibonyea kidogo maji yanapita, ikibonyea sana inakufa upesi na mikono ya kufungia inavunjika. Pima kwa udongo wa kuchezea watoto: weka vidonge kwenye fremu, funga, fungua, pima unene uliobaki, ndiyo nafasi yako. Ukiibandika usiivute hata kidogo, ilaze tu, kwa sababu iliyovutwa itarudi na kuacha pengo. Kiungo cha ncha mbili za raba kiweke katikati ya upande wa bawaba, kisiwe kwenye kona, ukikate wima na ukigundishe kabisa. Na usiiweke karibu na mfuniko wa injini penye dizeli au oili, raba za aina hiyo mafuta yanazivimbisha mpaka mfuniko haufungi. Hapo tafuta neoprini. Mifuniko ikiwa haitumiki muda mrefu, legeza mikono ya kufungia, raba isikae imebanwa mwezi mzima juani.

Vijana wawili watangulie uani na mpira wa maji. Mzee, tunaomba ruhusa yako tuanze na ule mfuniko wa pembeni wa kulia, ambao hatujaugusa.